Dizeli Chini ya Gari la Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga kalipa ya kulia upande wa kushoto na ya kushoto upande wa kulia. Kalipa ni kile chuma kinachobana diski ili gurudumu lisimame, na juu yake kuna kinati kidogo cha kutolea hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Ukibadilisha pande, kinati kinaangalia chini, na hewa, ambayo siku zote hupanda juu, haitoki. Sikuwa na mtu wa kuniambia hivyo. Nilikuwa na simu, video za watu wa nchi za mbali wenye gereji ambazo sakafu zake ni safi kuliko meza yetu ya chakula, na woga.

Kwa wiki nzima nililala chini ya gari nikijaribu kutoa hewa isiyotoka, mama akiwa kwenye kiti cha dereva kunisaidia.

"Kanyaga," nilimwambia.

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo."

"Nimeshikilia. Lakini ujue githeri yangu iko kwa moto, na githeri haina breki."

Pedali iliendelea kuzama kama mtu anayekanyaga godoro. Nilibadilisha mafuta ya breki. Nilibadilisha mipira inayoyapitisha. Nikaanza kumshuku aliyeniuzia, kisha nikajishuku mwenyewe, kazi ambayo kwangu haina mwanzo wala mwisho. Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa uani na kikombe cha chai nikaona kinati kinaangalia ardhi. Nilizirudisha kalipa pande zake, na jioni hiyo pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi sikupata usingizi kwa siku kadhaa. Kalipa zile nilikuwa nimezipaka rangi nyekundu kwa brashi ya rangi ya kucha, safu juu ya safu, nikipuliza kila chembe ya vumbi, na muda huo wote hazikuwa mahali pake. Nikajiambia kwamba makosa huishi kwenye nati, na kwamba mtu akizikagua za kutosha hana la kuogopa. Niliamini hivyo kabisa, na baba ndiye aliyeumia.

Gari lenyewe ni lake. Ni stesheni wagoni ya Kifaransa iliyonunuliwa kabla sijazaliwa, ndefu, yenye taa za mbele zilizoinama kidogo kama macho ya mtu anayesikiliza kwa shida. Wazazi wangu walishuka kutoka Nyeri wakakaa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, wakati mji huo bado ulikuwa maduka machache na nyasi. Baba alikuwa akitoa vitunguu na nyanya Rombo, kule mpakani, na kuvileta sokoni kwetu kwa gari hilo. Alijifunza Kimaa njiani, na njiani ndiko alikopata rafiki yake mkubwa, mzee wa Kimasai anayeishi mbele ya Kajiado, ambaye walikuwa wakibadilishana mbuzi kwa vitunguu tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

Baba alipoacha biashara, gari liliwekwa chini ya turubai. Baadaye alipatikana na ugonjwa wa sukari. Daktari wa kliniki alimwambia kwamba miguu inaweza kupoteza hisia polepole, na kwamba mwenyewe anaweza asitambue. Tangu siku hiyo baba alianza kujipima. Alikuwa akivua viatu, anafumba macho, anakanyaga saruji ya sebuleni, kisha mkeka, kisha kokoto za uani, akitaja anachokanyaga. Mara nyingi alipatia. Alipokosa alivaa viatu.

Ndipo ikaja habari kwamba rafiki yake anaozesha mwana.

"Nataka nifike huko nikiendesha," baba aliniambia. "Si kubebwa kama gunia. Siku ukiona siendeshi, ujue nimekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyopewa gari nilitengeneze. Sikuwa na kazi nyingine ya maana wakati huo, na alijua kwamba nikishika kitu sikiachi.

Breki na magurudumu hayakufaa. Diski zilikuwa zimelika hadi kingo zikawa kali za kukata kidole, na rimu mbili za chuma zilikuwa na nyufa kutokana na safari za Rombo. Spea za kiwanda chenyewe hazipatikani tena. Nilichopata ni spea zilizotengenezwa na watu wengine: diski mpya, pedi, zile kalipa, na rimu za aloi za gari la aina tofauti ambazo mashimo yake ya nati yalilingana na yetu. Hazikulingana kila mahali. Tundu la katikati lilikuwa pana kuliko habu ya gari letu, kile kitovu ambacho gurudumu hukaa juu yake, kwa hiyo rimu ingening'inia kwenye nati peke yake na gari lingetetemeka. Fundi wa Kitengela mwenye lezi, mashine ya kuchonga chuma, alinichongea pete za kuziba nafasi hiyo. Nilimrudishia azichonge upya, kisha nikamrudishia tena.

"Wewe unajenga ndege?" aliniuliza.

"Inacheza kidogo."

"Hata mimi nacheza kidogo, na niko na bibi na watoto."

Nati za zamani zilikuwa na kitako bapa, na rimu mpya zilitaka nati zenye kitako cha mviringo kilichochongoka, nikanunua. Nilizungusha usukani hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto, nikilala kifudifudi kutazama kama mpira wa breki unagusa tairi. Nilikaza nati, nikazikagua, nikaingia ndani kunywa maji, nikatoka kuzikagua. Baba alinitazama kutoka mlangoni.

"Hiyo ya chini umeikaza jana."

"Naangalia tu."

"Utaikaza mpaka ilie."

Kuna jambo moja kuhusu rimu zile ambalo lazima niliseme. Rimu za zamani zilikuwa kama sahani, zilifunika kila kitu. Hizi mpya zilikuwa na mikono mitano myembamba, na kati ya mkono na mkono uliona diski yote na kalipa yangu nyekundu. Kulikuwa na rimu nyingine pale dukani, nzito, zilizofunika, ambazo zingelingana vizuri zaidi na gari letu. Sikuzichukua. Nilitaka kazi yangu ionekane.

Siku ya harusi tulitoka mapema, baba na mimi. Mama alibaki kwa sababu ya kanisa. Niliendesha mimi ili nisikilize gari. Isinya nilisimama nikazikagua nati, zote zilikuwa imara. Breki zilishika vizuri, upande wa kulia sawa na wa kushoto, na kwa muda mfupi, labda kutoka Isinya hadi karibu na Kajiado, niliendesha bila hofu. Siwezi kukumbuka muda mwingine kama huo.

Kabla ya mji, lori lilikuwa limelala barabarani. Magari yalielekezwa pembeni kupita kwenye mchanga, na tulipotoka huko gari letu jeupe lilikuwa jekundu.

"Hatuwezi kuingia kwa watu hivi," baba alisema. "Watasema tumetoka kuchimba kisima."

Mwisho wa mji kulikuwa na mahali pa kuoshea magari. Mwoshaji alikuwa kijana wa rika langu, amevaa gambuti, na alilizunguka gari mara moja akicheka.

"Boss, hii ni gari ama ni mzee wa kanisa?"

"Ni mzee wa kanisa amevaa viatu vipya," baba alijibu kutoka kwenye kivuli, na mwoshaji akainama kutazama rimu na kupiga mluzi. Nilihisi masikio yangu yakipata moto kwa furaha.

Aliosha vizuri. Alipomaliza sabuni aliuliza, "Tupige dizeli chini?"

Ni kawaida ya waosha magari wetu. Huchanganya dizeli na oili chafu iliyotolewa kwenye injini, wakaipuliza chini ya gari kwa mashine. Chuma kinakuwa cheusi, kinang'aa, na watu husema kinakingwa na kutu. Karibu kila gari la sherehe unaloliona kwetu limepigwa dizeli chini.

"Piga," nilisema.

Nilijua. Hapo ndipo ninaposhindwa kujieleza. Ungeniuliza siku yoyote kama mafuta yanaruhusiwa kukaribia diski, ningesema hapana kabla hujamaliza swali. Mimi ndiye niliyekuwa nikinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika pedi. Lakini nati zilikuwa nzima, mpira haukuguswa, hewa ilikuwa imetoka. Katika akili yangu mambo ya breki yalikuwa yamefungwa. Kilichobaki kilikuwa urembo.

Na sikuishia kusema piga. Nilichuchumaa nikakagua kazi yake kama ninavyokagua yangu.

"Hapo ndani ya gurudumu umeacha," nilimwambia. "Pale juu. Na huku pia."

"Wewe ni mkali, boss," alisema, akaingiza mdomo wa mashine nyuma ya magurudumu ya mbele, moja baada ya jingine.

Ukungu mweusi ulitokea upande wetu kupitia kati ya mikono ya rimu. Matone yalibaki kwenye aloi. Nilitoa kitambaa changu nikayafuta, mkono mmoja wa rimu baada ya mwingine, mpaka kila kitu kikang'aa. Nilifuta rimu tu.

Baba alisimama, akanyoosha koti. "Sasa nipe ufunguo. Nitafika nikiwa kwa usukani."

Alivua kofia akaiweka kwenye dashibodi kama alivyokuwa akifanya zamani. Kutoka pale barabara inateremka kidogo, halafu kuna mahali wanapovukia watu wanaotoka kuchota maji. Mimi, kando yake, nilikuwa natazama boneti. Ilikuwa inaakisi mawingu.

"Punda," baba alisema, kwa sauti ya kawaida.

Kisha akasema, "Punda," kwa sauti nyingine. Kisha akapiga kelele.

Mama mmoja alikuwa anavuka na punda wake, mitungi ya plastiki imefungwa pande zote mbili. Baba alizungusha usukani. Mama hatukumgusa. Punda tulimpiga miguu ya nyuma, mitungi ikapasuka na maji yakafunika kioo chote, hivi kwamba kwa muda hatukuona chochote, tulisikia tu.

Gari lilisimama kando, kwenye majani. Punda alikuwa anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele. Nisingependa kuandika zaidi kuhusu hilo. Mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa karibu alikuja akamtazama yule mama, mama akaitikia kwa kichwa, naye akachomoa sime akammaliza punda.

Baba alishuka akamwendea yule mama. Alimsalimu kwa Kimaa, kwa mazoea ya miaka yote ile. "Takwenya."

"Iko," mama aliitikia, pia kwa mazoea. Bado alikuwa ameshika kamba. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, bila ukali: "Mzee, uliniona. Mimi nilikuona ukiniona. Mbona hukusimama?"

Baba aliinamisha kichwa akatazama kiatu chake cha kulia.

Hatukufika harusini. Rafiki yake ndiye aliyekuja pale barabarani, akiwa bado na shuka zake za sherehe, akaketi kwenye nyasi kati ya baba na yule mama wakazungumza mpaka wakaelewana. Wiki hiyohiyo punda mwingine alipelekwa kwa yule mama. Gari lilivutwa hadi Kitengela, taa moja imepasuka na boneti imekunjika. Siku ile jioni baba aliweka ufunguo juu ya meza.

"Huu mguu umekwisha," alimwambia mama. "Nilidhani nimekanyaga. Haukukanyaga. Nilimuona huyo mama, nikaambia mguu, mguu ukakataa."

Asubuhi nilitoa magurudumu ya mbele. Sikuhitaji hata kugusa. Diski zilikuwa na utando mweusi unaonata, pedi zilikuwa zimenyonya mafuta hadi ndani, na harufu ya dizeli ilikuwa palepale. Breki za nyuma, ambazo ni za dramu na zimefunikwa, zilikuwa safi, lakini za nyuma peke yake haziwezi kusimamisha gari lile kwenye mteremko. Nilikaa chini uani na rimu mapajani. Halafu niliingia ndani nikamwambia baba kila kitu, dizeli, mwoshaji, na mimi nikionyesha kidole mahali palipoachwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"Wewe," alisema. "Wewe ambaye unakaza nati moja mpaka ilie. Wewe uache mafuta kwa breki?"

"Ndiyo, baba. Njoo uone."

"Nimeshaona. Umeimwagia asubuhi hii ili mzee wako asijisikie vibaya. Asante. Wewe ni mtoto mzuri."

Nilimsihi. Nilileta pedi nikaziweka mbele yake juu ya gazeti. Alinusa, akatikisa kichwa, akaomba chai. Nilikuwa nimetumia miezi yote ile kumfanya mtu huyu aamini kwamba sikosei, na nilikuwa nimefaulu.

Yaliyofuata yalikuja polepole. Aliacha kujipima kwa kokoto, kwa kuwa alishajua jibu. Alianza kuniita nimshike mkono kushuka ngazi mbili za mlango wetu, ngazi alizozijenga mwenyewe. Aliacha kwenda sokoni kusalimia wachuuzi wenzake. Rafiki yake alipopiga simu, mama ndiye aliyezungumza naye.

"Baba yako anatembea kama mtu aliyeazima miguu," mama aliniambia siku moja tukichambua maharagwe. "Anaogopa mwenyewe atakuja kuichukua."

"Nilimwambia ukweli."

"Ulimwambia. Sasa mwonyeshe."

Nililitengeneza gari upya: taa, boneti, diski nilizozisafisha mpaka zikawa na rangi ya kijiko, pedi mpya. Nilipomaliza nilinunua dizeli, nikaomba oili chafu kwa fundi jirani, nikachanganya kwenye chupa ya soda. Nikapakia jeki, sabuni, spiriti, madebe ya maji, na jozi nyingine ya pedi ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Baba alikataa kuja. Mama ndiye aliyemvisha koti.

"Nenda, mzee. Hata kama ni kumnyamazisha huyu kijana, nenda. Amenichosha na hiyo chupa yake."

Upande wa Isinya, ukiacha lami, kuna uwanda ambao watu wamegawa viwanja lakini hawajajenga. Ardhi ni tambarare, ngumu, na asubuhi ile hakukuwa na mtu wala mnyama. Nilitoa magurudumu ya mbele nikatumbukiza kitambaa kwenye chupa. Nilishindwa kuanza. Diski zilikuwa safi sana. Ningeona aibu kumwambia mtu muda niliosimama pale na kitambaa kinachotona, baba akinitazama.

"Unangoja nini? Si ulishafanya?"

Nikapaka. Nikafunga magurudumu. Baba alitembea mbele kwa fimbo yake, taratibu, akaichomeka ardhini.

"Hapa ndipo punda," alisema. "Na pale kwa jiwe jeupe ndipo nilipomuona. Anza wewe."

"Mimi?"

"Wewe na mguu wako wa ujana. Kama ni mafuta, yatakukataa hata wewe. Kama unadanganya, gari itasimama, na tutarudi nyumbani na hatutaongea juu ya hii maneno tena."

Akasogea kando, mbali, akakunja mikono kifuani.

Nilirudi nyuma nikaja kwa mwendo ule wa siku ile. Kwenye jiwe jeupe nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Pedali ilikuwa ngumu, nzuri, kama nilivyoitengeneza. Gari halikujali. Nilijua litafanya hivyo, ndilo nililotaka, na bado nilisikia mwili wangu wote ukirudi nyuma na mdomo wangu ukisema hapana. Fimbo ilivunjika chini ya bampa kwa mlio mdogo.

Baba aliokota vipande viwili. Akavitazama, akachomeka kilichokuwa kirefu.

"Rudia."

Nilirudia. Gari lilipita juu yake.

Baba alikaa juu ya debe la maji akanitazama nikifanya kazi: nikitoa magurudumu, nikiosha diski kwa sabuni, nikizisugua kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikitoa pedi zilizonyonya na kufunga zile mpya. Hakunitania. Nilipokaza nati na kurudi kuzikagua, hakusema lolote kuhusu nati.

Kisha aliingia kwenye kiti cha dereva, peke yake, akanionyesha kwa mkono niondoke njiani.

Alikuja. Kwenye jiwe jeupe pua ya gari iliinama, vumbi likapanda, na gari likasimama mbali na fimbo, hatua kadhaa. Alirudi nyuma akafanya tena. Mara ya tatu alifungua mlango kwanza, akavua kiatu cha kulia akakiweka chini, akaendesha kwa soksi. Gari likasimama palepale.

Nilimfuata na kiatu mkononi. Alikuwa amezima injini, mikono juu ya usukani.

"Kwa hivyo mguu ni mzima," alisema.

"Ni mzima, baba."

"Nilikanyaga."

"Ulikanyaga."

Alivaa kiatu, akafunga kamba kwa muda mrefu.

"Afadhali ingekuwa mguu," alisema. "Mguu ni wa kuzeeka, hakuna mtu anaukasirikia. Sasa nikasirikie nani? Nimekaa nyumbani miezi hii yote nikingoja kukatwa mguu, na ulikuwa tu unataka gari ing'ae."

"Nilikuambia—"

"Uliniambia. Nyamaza, ingia."

Nilidhani tunarudi Kitengela. Tulipofika kwenye lami alizungusha usukani upande wa Kajiado. Tulipita mjini, tukapita pale pa kuoshea magari, akateremka ule mteremko mguu wake ukiwa juu ya breki, kisha akaacha barabara akafuata njia ya ng'ombe mpaka bomani kwa yule mama. Punda mpya alikuwa amefungwa kwenye ua wa miiba. Mama alitoka akatutambua.

Walisalimiana. Kisha baba akanisukuma bega, si kwa nguvu.

"Sema."

Nilisema yote kwa Kiswahili, na baba akatafsiri pale mama alipokunja uso. Nilipofika mahali nilipomwonyesha mwoshaji sehemu alizoacha, baba aliacha kutafsiri akaningoja nirudie mwenyewe.

Mama alimtazama baba, si mimi. "Nilijua uliniona," alimwambia. "Macho yako yalisimama. Gari ndiyo haikusimama." Halafu akanigeukia. "Na wewe kijana, ilikuwa inang'aa kweli. Hata punda aliiangalia."

Alicheka kidogo. Baba alicheka naye. Mimi sikuweza.

Tulipewa chai ya maziwa, tukanywa, tukaondoka. Njiani kurudi baba aliendesha hadi nyumbani, na mwezi mzima uliofuata aliongea nami kuhusu chakula na mvua tu.

Siku hizi baba anaendesha. Huenda Kajiado kwa rafiki yake, na wakati mwingine hadi Rombo, na amerudia kujipima kwa kokoto kila Jumamosi. Breki za gari lake zinakaguliwa na fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Mimi nimeachiwa viti, redio na taa. Gari huoshwa nyumbani, kwa maji na sabuni, na chini haliguswi.